Nyambizi ya Mbao Katika Maji ya Tope



Mhariri ameniomba niandike jambo la historia. Nimechagua swali ambalo vijana waliotembelea bandari niliyofanyia kazi walipenda kuniuliza: je, mtu akijiundia nyambizi yake ndogo, itamfaa kwa kazi gani katika maji machafu asimoona hata kiganja chake? Jibu langu nalitoa katika maisha ya watu watatu.

Wa kwanza ni David Bushnell wa Connecticut, Marekani. Mwaka 1775 aliunda chombo cha mbao cha kubeba mtu mmoja, akakiita Turtle, yaani Kasa. Mwendeshaji alizungusha rafadha kwa mkono, na hewa ya ndani ilimtosha kiasi cha nusu saa tu. Ili dira isomeke gizani, walitumia kuvu ing'aayo yenyewe, kwa kuwa mshumaa ungeila hewa. Usiku mmoja wa Septemba 1776, Ezra Lee alikiendesha hadi chini ya manowari ya Kiingereza Eagle katika bandari ya New York, ili apachike baruti. Skrubu yake haikuingia. Kwa maoni yangu, mtu anayeelea katikati ya maji bila kuona, na bila pa kukanyaga, hana nguvu ya kutoboa kitu.

Wa pili ni Wilhelm Bauer, Mjerumani. Tarehe 1 Februari 1851 nyambizi yake ya chuma ilizama katika bandari ya Kiel, naye akiwa ndani pamoja na wenzake wawili. Maji ya nje yaliukandamiza mfuniko hata usifunguke. Bauer akawaambia wenzake wayaache maji yaingie, mpaka hewa iliyobaki ishindiliwe na kulingana na kani ya maji ya nje. Ilipolingana, mfuniko ulifunguka, na wote watatu wakatoka hai.

Wa tatu, Simon Lake wa New Jersey, aliigeuza kanuni hiyohiyo kuwa chombo cha kazi. Mpango wake wa nyambizi ulikuwa umewekwa kando katika mashindano ya jeshi la wanamaji la Marekani ya mwaka 1893. Hakuwa na fedha, lakini hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alianza kuunda Argonaut Junior kwa mbao za msonobari, tabaka mbili na turubai katikati, urefu wa futi 14. Tangi la hewa lilikuwa la mashine ya soda. Chini alitia magurudumu yaliyozungushwa kwa mkono, chombo kikatembea juu ya sakafu ya maji kama mkokoteni.

Lakini jambo kubwa lilikuwa mlango wa chini. Lake alijaza chumba hewa iliyoshindiliwa hadi ikalingana na kani ya maji, kisha akaufungua, na maji hayakupanda. Katika kina cha futi 33 hewa hiyo huhitaji kuwa maradufu ya hii tunayovuta. Katika kina kidogo, pampu ya mkono yatosha. Mtu aliinama mlangoni akaokota chaza kwa mkono. Mwaka 1898 Argonaut kubwa, yenye mtambo wa petroli, ilisafiri baharini, na Jules Verne akamtumia Lake simu ya pongezi.

Basi hilo ndilo jibu. Nyambizi ndogo katika maji ya tope si ya kutazamia, bali ni ya kupapasia: kuokota chaza, kutafuta nanga iliyopotea, kukagua waya uliolala chini. Mwenye kukanyaga sakafu hahitaji macho mengi. Bandarini kwetu pia niliwaona wazamiaji wakifanya kazi kwa vidole.

Enyi vijana, msidhani ni mchezo. Hunley, nyambizi ya Charleston, iliua mabaharia wake wenyewe 21 katika mizamo mitatu, mwaka 1863 na 1864. Jifunzeni kwanza fizikia ya hewa na maji darasani, na chombo kijaribiwe kikiwa kitupu kabla ya kumbeba mtu. Lake alianza na mbao na tangi la soda, lakini hesabu zake zilikuwa kamili.