Mto Milk: Jina Moja, Nchi Mbili

Neno "maziwa" lina maana mbili katika Kiswahili: kinywaji tunachokamua kwa ng'ombe, na wingi wa neno "ziwa". Ukisikia "Mto wa Maziwa" unaweza kudhani ni mto utokao katika maziwa makubwa. Mto Milk wa Amerika Kaskazini, hata hivyo, ulipewa jina kwa maana ile ya kwanza.

Mto huu huanzia kaskazini-magharibi mwa jimbo la Montana, Marekani, karibu na Milima ya Rocky. Huvuka mpaka na kuingia jimbo la Alberta, Kanada, hupita katika tambarare za nyasi, kisha hurudi Montana na kumwaga maji yake katika Mto Missouri. Urefu wake hupita kilomita 1,100.

Tarehe 8 Mei 1805, wapelelezi Meriwether Lewis na William Clark walifika mahali mito hiyo miwili ikutanapo. Maji yalikuwa yamebeba udongo laini, na Lewis aliyaona yana rangi ya chai iliyotiwa kijiko cha maziwa. Jina likatokana na rangi hiyo.

Lakini mto haukuwa ukisubiri jina. Wenyeji wa kabila la Hidatsa walikwisha kuwasimulia wapelelezi hao habari za mto unaoikaripia mito mingine yote, na Lewis alihisi kwamba huenda ndio huo. Watu wa Blackfoot waliuita Mto Mdogo. Kwenye miamba ya kingo zake huko Alberta, mahali paitwapo Áísínai'pi, ipo michoro ya wahenga wao. Mwaka 2019 UNESCO ilipaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Baada ya majina ulikuja mgogoro wa maji. Walowezi wa Montana waliyachepusha kumwagilia mashamba yao, na makabila ya Gros Ventre na Assiniboine waliokaa upande wa chini, Fort Belknap, wakapungukiwa. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Lakini wa chini mtoni akingoja tu, shamba lake hukauka. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1908 ikaamua kwamba makubaliano yaliyowatengea wenyeji ardhi yaliwatengea pia maji.

Mwaka uliofuata, Marekani na Uingereza, iliyosimama kwa niaba ya Kanada, zilitia saini Mkataba wa Maji ya Mpakani. Mto Milk na jirani yake, Mto St. Mary, ikahesabiwa kuwa mto mmoja, na maji yake yagawanywe sawa baina ya nchi hizo mbili.

Lewis aliupa mto jina kwa kuyatazama maji siku moja tu. Kuyagawa kwa haki kulihitaji mahakama na mkataba. Je, mto wa kwenu uliitwaje zamani, na ni nani anayeishi upande wake wa chini?