Mtoto wa kambo mgeni: Njia ya uraia na pasipoti

Ndoa pekee haimfanyi mtoto wa kambo aliyezaliwa ng’ambo kuwa Mkenya. Mkazi wa Mukuyuni, Kaunti ya Makueni, aweza kumlea mtoto wa mwenzi wake kwa miaka mingi, lakini malezi hayo si hati.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 15(3) cha Katiba ya 2010, mtoto asiye raia akiasiliwa na raia ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, mradi ombi litolewe. Hivyo basi, hatua ya kwanza ni amri ya kuasili, ambayo hutolewa na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Ya pili ni ombi la usajili kwa Idara ya Uhamiaji. Cheti cha uraia kikishatolewa, ndipo pasipoti huombwa kupitia eCitizen.

Wazazi wasikawie. Kikatiba, mtoto ni mtu asiyetimiza miaka 18. Akiupita umri huo kabla ya kuasiliwa na kusajiliwa, huenda akalazimika kutegemea kifungu cha 15(2), kinachodai ukaazi halali wa miaka 7 mfululizo pamoja na masharti mengine.