Rufaa si kubatilisha

Mkaazi wa Kasenga asiyeridhika na hukumu huipandisha kesi yake kwa majaji wa juu. Lubumbashi kuna Mahakama ya Rufaa. Majaji hao hupima upya sheria na ushahidi, na wakiona kosa huirekebisha hukumu. Hiyo ndiyo rufaa.

Magazeti yetu hulitumia neno hilo pia kwa kesi za wawekezaji katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, Washington. Hapo si mahali pake. Mkataba wa 1965 ulioanzisha kituo hicho umekataza rufaa. Umeruhusu kubatilisha, kwa sababu tano tu, kama vile baraza la usuluhishi kuvuka mamlaka yake waziwazi au kutotoa sababu za uamuzi. Kamati ya watu watatu inaweza kuifuta tuzo, yaani uamuzi wa baraza. Kuandika nyingine haiwezi.

Congo imeipitia tofauti hiyo. Mwaka 1999 wanajeshi waliifunga ofisi ya mwanasheria Mmarekani Patrick Mitchell, Kinshasa. Mwaka 2004 baraza la kituo hicho liliamuru Congo imlipe dola 750,000 na riba. Mwaka 2006 kamati ikaibatilisha tuzo: baraza halikueleza vya kutosha jinsi ofisi ya uwakili ilivyokuwa uwekezaji.

Lakini kosa la sheria lisiloingia katika sababu zile tano hubaki, na hazina ya umma hulipa. Jambo hilo linaniuma. Tangu 2017 Umoja wa Mataifa unajadili mageuzi ya usuluhishi wa kesi za wawekezaji, yakiwemo kuunda chombo cha kudumu cha rufaa. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Mpaka chombo hicho kianze kazi, tuandike “ombi la kubatilisha tuzo”.