Fani za mashujaa: kutoka mezani hadi kwenye kompyuta

Askari, mchawi au kasisi. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani, mchezaji aliketi mezani na karatasi, penseli na dadu, akachagua fani moja kati ya hizo tatu kabla ya kufanya lolote. Mwizi, bingwa wa kufuli na mitego, aliongezwa mwaka uliofuata. Asili ya mchezo huo ni michezo ya vita, ile ya kusogeza vikosi vya sanamu ndogo mezani, ambako wapanda farasi wana kazi yao na wapiga mishale wana yao. Utaratibu wa kikosi ukahamishiwa kwa mtu mmoja mmoja.

Na mezani ulifaa sana. Watu wanne au watano wakicheza pamoja, kila mmoja anataka kuwa na saa yake ya kuhitajika. Askari hawezi kutibu majeraha. Mchawi akipigwa pigo moja zito yuko chini. Wanalazimika kutegemeana. Anayetaka kuelewa fani zina faida gani asimtazame shujaa mmoja, alitazame kundi.

Kompyuta ilizirithi kama zilivyo. Wizardry ya mwaka 1981, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, ilimpa mchezaji mmoja kundi la watu 6 awaongoze, kwa hiyo mgawanyo wa kazi ukabaki na maana. Final Fantasy iliyotoka Japani mwaka 1987 ilikuwa na wahusika wanne na fani sita za kuchagua.

Upinzani ulikuwapo mapema. RuneQuest, mchezo wa mezani wa 1978, haukuwa na fani: ukitumia upanga ukafaulu, ujuzi wako wa upanga huenda ukapanda. Mbunifu wa michezo Akitoshi Kawazu alileta fikra ya aina hiyo katika Final Fantasy II, mwaka 1988, na papo hapo ugumu wake ukajitokeza. Afya ya mhusika iliongezeka kadiri alivyoumia vitani, basi wachezaji wakawaamuru mashujaa wao wapigane wenyewe kwa wenyewe. Sioni kosa kwa wachezaji hao. Mfumo ukihesabu matendo, watu watatenda kwa ajili ya hesabu.

Waliohangaika zaidi na jambo hili ni Bethesda, watengenezaji wa The Elder Scrolls. Arena ya 1994 ilikuwa na fani zilizopangwa tayari. Daggerfall ya 1996 ilimruhusu mchezaji abuni fani yake mwenyewe, hata ajiwekee udhaifu ili apande ngazi haraka. Kisha ikaja Oblivion, mwaka 2006. Humo ulipanda ngazi baada ya stadi kuu za fani yako kuongezeka mara 10, na maadui wengi walipanda pamoja nawe. Aliyechagua kwa uaminifu stadi anazozitumia kila siku alijikuta juu kabla hajawa na nguvu za kutosha. Mjanja aliweka stadi asizozigusa. Fani ilikuwa imegeuka mtego wa mtu mkweli.

Skyrim, mwaka 2011, ikazifuta. Zilibaki stadi 18 na mchezaji akaachwa ajijue kwa matendo. Naamini walifanya sawa, kwa kuwa mchezaji wa Skyrim hana kundi la wenzake wa kugawana nao kazi. Lakini gharama ipo, na si ndogo: unaweza kufikia ukuu wa Chuo cha Winterhold, chuo cha wachawi, huku uchawi unaoujua ni wa kubabaisha, na hakuna anayekuuliza.

Kwenye intaneti mambo yalikwenda kinyume. Ultima Online ya 1997 haikuwa na fani, ila jumla ya stadi zako isizidi pointi 700. EverQuest mwaka 1999 ikazirudisha, na World of Warcraft mwaka 2004 ikaanza na fani tisa. Wageni wanaokutana mlangoni mwa pango wanahitaji kujua upesi nani atapokea mapigo na nani atatibu.

Mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ilitoka na fani 12, na hadi watu wanne wanaweza kuicheza pamoja. Aliyejuta hana haja ya kuanza upya: kambini, kwa vipande 100 vya dhahabu, anabadilishiwa fani yake, na ya wenzake pia.