Kasisi, Karani na Jina la Mwana: Historia ya Uteuzi wa Majina ya Kiayalandi kwa Watoto wa Kiume

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi wazazi wa Ayalandi walivyowapa majina wana wao wa kiume tangu uandikishaji wa vizazi wa kiserikali ulipoanza mwaka 1864 hadi sheria ya lugha rasmi ya mwaka 2021. Yanadai kwamba majina ya Kiayalandi yaliondolewa zaidi na mazoea ya kuandika kuliko na marufuku, na kwamba desturi ya kumrithisha mjukuu jina la babu, ambayo tungetarajia iyahifadhi, ndiyo iliyoufanya ubadilishaji huo udumu.

Utangulizi

Mwaka 1905 mahakama mjini Dublin ilisikiliza shauri la mtu wa kaunti ya Donegal, Niall Mac Giolla Bhríde, aliyekuwa ametozwa faini kwa sababu ya gari lake la kukokotwa na farasi. Sheria ya wakati huo ilimtaka kila mwenye gari aandike jina lake ubavuni kwa herufi zinazosomeka. Naye aliliandika, tena waziwazi, ila kwa Kiayalandi na kwa hati ya Kigaeli. Wakili mmojawapo upande wake alikuwa Patrick Pearse, ambaye miaka kumi na mmoja baadaye angeongoza uasi wa Pasaka na kuuawa kwa risasi. Walishindwa. Mahakama ilishikilia kwamba jina lililoandikwa vile halikutimiza matakwa ya sheria. Mbele ya dola, basi, mtu yule alikuwa kama ambaye hakuandika jina lolote.

Ninaanza na gari hilo kwa sababu swali lililoamuliwa juu yake ndilo lililomkabili kila mzazi wa Kiayalandi aliyekwenda kumwandikisha mtoto: jina ni lile tunalomwitia mtoto, au ni lile ambalo karani anaweza kuliandika? Kwetu sisi wa ukanda huu swali hili si geni. Nilipomwandikisha mwanangu, niliulizwa kwanza jina lake la Kikristo, kana kwamba lile la babu yake lilikuwa nyongeza. Na katika orodha za wanafunzi ninaowafundisha, akina Brian, Kevin na Patrick hawakosekani. Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba majina hayo yalipita Ayalandi kabla ya kufika kwenye vyeti vyao.

Majina kabla ya daftari

Usafi wa asili katika majina ni jambo la kutiliwa shaka, na Ayalandi ni mfano mzuri. Katika enzi za kati Waayalandi hawakuwa na mazoea ya kumwita mtoto Patrick. Kwa kuwa Patrick alikuwa mtume wao, jina lake lilionekana takatifu mno kuvikwa na kila mtu. Walisema Maol Phádraig au Giolla Phádraig: maol ni aliyenyolewa kichwa kwa ajili ya mtakatifu, giolla ni mtumishi wake. Msomaji anayejua muundo wa Abdallah na Abdulrahman hatahitaji maelezo zaidi. Ni tangu karne ya 17 ndipo Pádraig lilipoenea likiwa jina tupu, hata likawa alama ya Mwayalandi popote aendapo.

Seán nalo lililetwa na Wanormani waliovamia kisiwa hicho mwishoni mwa karne ya 12. Ni Jehan la Kifaransa cha kale lililotiwa katika sauti za Kiayalandi. Liam, ambalo tangu mwaka 2017 limeongoza orodha ya majina ya wavulana nchini Marekani, ni ufupisho wa Uilliam, yaani William, jina lenye asili ya Kijerumani. Ndilo pia jina la mfalme wa Orange aliyewashinda Wakatoliki katika vita vya mto Boyne mwaka 1690. Mzazi wa Boston anayemwita mwanawe Liam ili kumkumbuka babu wa Kiayalandi anampa, bila kujua, nusu ya jina la mfalme huyo. Simlaumu, lugha humeza majina ya wageni, na baada ya karne kadhaa hakuna anayeuliza yalikotoka.

Dola ya Kiingereza ilijaribu mapema kutumia sheria. Amri ya mwaka 1465 iliwataka Waayalandi waliokuwa Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue majina ya ukoo ya Kiingereza: ya mji, ya rangi au ya kazi. Athari yake ilikuwa ndogo. Kilichofanikiwa baadaye hakikuhitaji amri.

Kilatini cha kasisi

Kwa muda mrefu Mwayalandi Mkatoliki aliandikwa na kasisi wake kabla ya kuandikwa na serikali. Hata pale ambapo kasisi alizungumza Kiayalandi na waumini, daftari lake la ubatizo liliandikwa kwa Kilatini au Kiingereza. Mtoto aliyeitwa Tadhg nyumbani aliandikwa Thaddaeus. Conchobhar akawa Cornelius. Diarmaid akawa Jeremias. Hakuna uhusiano wa maana kati ya jozi hizi. Tadhg ni mshairi, ilhali Thadayo ni mtume. Kilichotafutwa kilikuwa mfanano hafifu wa sauti, na pamoja nao mtakatifu anayetambulika Roma.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 761, iliwaagiza maparoko wahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wakishindwa kuwashawishi wazazi, waongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Kanuni hiyo ilitumika Cork na Kampala vilevile, na historia ya majina ya ubatizo katika nchi zetu haiwezi kuandikwa bila kuitaja.

Safu ya karani

Uandikishaji wa vizazi vyote kiserikali ulianza Ayalandi tarehe 1 Januari 1864. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 ilikuwa imekwisha kuua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine kwa kiasi hicho. Shule za taifa, zilizoanzishwa mwaka 1831, zilifundisha kwa Kiingereza. Sensa ya 1851 ilihesabu wasemaji wa Kiayalandi wapatao milioni 1.5, wengi wao wakiwa maskini wa magharibi na kusini. Wazazi hao ndio waliofika mbele ya karani.

Tatizo la karani lilikuwa la kiisimu pia, na haifai kumdhihaki. Jina la Kiayalandi halina umbo moja. Pádraig anapoitwa huwa a Phádraig, na p hugeuka f. Séamas huwa a Shéamais, na s hugeuka h. Waskoti walichukua umbo hilo la kuitia na kulifanya jina kamili, Hamish. Kijijini mtu hutambulishwa kwa mnyororo: Seán Phádraig Mhichíl, yaani Seán wa Pádraig wa Micheál, kama vile Mwambao husema Ali bin Salim bin Hamed. Karani aliyejua Kiingereza tu alisikia sauti zinazobadilika mwanzoni na mwishoni, na safu yake ilitaka neno moja lisilobadilika. Akaandika jina-badala.

Majina-badala hayo yaligeuka kuwa mfumo: Donnchadh aliandikwa Denis, Cathal aliandikwa Charles, Aodh aliandikwa Hugh, Toirdhealbhach aliandikwa Terence. Brian, jina la mfalme aliyeuawa Clontarf mwaka 1014, mara nyingi lilifichwa chini ya Bernard. La ajabu kuliko yote ni Finghin, ambalo huko Cork na Kerry liligeuzwa Florence; wanaume wenye ndevu wakabeba jina ambalo Waingereza waliwapa binti zao. Kufikia 1890 Robert Matheson wa ofisi ya uandikishaji alilazimika kuchapisha kitabu kizima cha kuwaongoza maofisa kuhusu majina yaliyotumiwa kwa kubadilishana na mtu yuleyule. Kitabu hicho hakiamuru lolote. Kinaeleza tu kwamba madaftari na watu walikuwa wamepoteana, na thamani yake kwa mwanahistoria iko hapo.

Hapa desturi ya kurithisha inaingia. Familia nyingi za Kiayalandi zilimwita mwana wa kwanza kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama, na wa tatu kwa jina la baba. Mpangilio ambao Wagĩkũyũ watautambua, angalau kwa wana wawili wa kwanza. Wataalamu wa urithi wa lugha huichukulia desturi ya namna hii kuwa ngome. Kwa vizazi vingi ilikuwa ngome kweli. Lakini babu akishaandikwa Jeremiah, na mazungumzo ya nyumbani yakishahamia Kiingereza, heshima kwa babu inadai mjukuu aitwe Jeremiah. Kumwita Diarmaid kungekuwa kama kumwacha babu. Ndiyo sababu kusini-magharibi mwa Ayalandi kulijaa akina Jeremiah, Cornelius, Timothy na Florence muda mrefu baada ya karani wa kwanza kufa. Utii kwa mila uliilinda kazi ya daftari.

Kurudi kwa majina

Douglas Hyde, katika hotuba yake ya Novemba 1892 mjini Dublin, aliwalaumu Waayalandi kwa kuyaacha majina yao. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walianzisha Conradh na Gaeilge, chama cha kufufua lugha. Walioanza kubadilishwa majina hawakuwa watoto, bali watu wazima. John Casey, mtunzi wa tamthilia, akawa Seán. Kijana aliyezaliwa New York mwaka 1882, akaandikwa George na kubatizwa Edward, akawa Éamon de Valera. Wana wao wangefuata.

Mwaka 1923, taifa jipya likiwa changa, kasisi Patrick Woulfe alichapisha kitabu kidogo cha majina ya Kiayalandi kwa ajili ya watoto. Kasisi sasa alikuwa upande wa pili, na jozi zilezile za majina-badala zikatumika kinyumenyume: mwenye babu aitwaye Jeremiah angeweza kumwita mtoto Diarmaid na bado akasema amemrithisha babu jina. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ufufuo wa majina ulifanikiwa kuliko ufufuo wa lugha yenyewe. Haukumtaka mzazi ajifunze sarufi wala avunje desturi. Ulimtaka asome orodha kutoka kulia kwenda kushoto.

Tadhg ndilo lililosafiri mbali zaidi. Katika Kiayalandi Tadhg an mhargaidh, yaani Tadhg wa sokoni, ni mtu wa kawaida asiye na cheo. Huko Ulster jina hilo, likiandikwa Taig, lilifanywa tusi kwa Mkatoliki yeyote, na tusi hilo limeandikwa kutani hata katika kumbukumbu za walio hai. Katika miaka ya karibuni Tadhg limo miongoni mwa majina yanayopendwa zaidi kwa wavulana katika Jamhuri ya Ayalandi, pamoja na Fionn, Oisín na Rían. Jack, hata hivyo, liliongoza orodha hiyo tangu 2007 hadi 2023, isipokuwa mwaka 2016. Wazazi hawapigi kura moja.

Alama juu ya irabu

Karani wa leo ni mashine, na ugomvi umehamia kwenye alama ya urefu wa irabu, síneadh fada. Seán bila alama hiyo ni sean, kivumishi cha Kiayalandi chenye maana ya “-zee”. Kwa miaka mingi kompyuta za taasisi za umma ziliiacha alama hiyo au kuigeuza kuwa alama isiyo na maana, na wenye majina wakaambiwa kuwa mfumo hauruhusu. Sheria ya Lugha Rasmi (Marekebisho) ya mwaka 2021 iliziwajibisha taasisi za umma kuliandika jina la Kiayalandi kama mwenyewe analivyoliandika, pamoja na alama zake. Wanaoshauri serikali zetu kuhusu vitambulisho vya kielektroniki wangefaa kuisoma, wakimkumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye baada ya kuliacha James alibaki na jina lenye ũ, ĩ na ng', herufi tatu ambazo fomu nyingi hazizijui.

Kevin kati ya Wicklow na Nsambya

Caoimhín alikuwa mtawa wa Glendalough, katika kaunti ya Wicklow, karne ya 6 na ya 7. Jina lake lilifanywa Kevin katika Kiingereza. Mwaka 1875 alizaliwa Arklow, katika kaunti hiyohiyo, Teresa Kearney, ambaye alipoingia utawani alichukua jina Mary Kevin. Alifika Uganda mwaka 1903 na kuanzisha huduma za afya Nsambya. Waganda walimwita Mama Kevina, wakiongeza irabu ambayo ulimi wao uliihitaji, na hadi leo jina hilo linahusishwa na hospitali na kazi za huruma. Hakuna ofisi iliyoagiza irabu hiyo. Wasichana wameitwa Kevina, na wavulana wamebaki na Kevin, umbo la cheti.

Mvulana huyo wa Uganda huandikwa kwenye safu ya jina la Kikristo bila tatizo. Mwenzake wa Wicklow, akipewa jina lenyewe la mtawa, humlazimu baba yake kukiangalia cheti mara mbili kabla ya kutoka ofisini, aone kama í imeingia.