Hita ya bafuni Singida: Eathi kwanza, maji ya moto baadaye

MKOA wa Singida upo katika uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, na mji wenyewe umejengwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo na baridi ya alfajiri huyafanya maji ya bombani kuwa adha kwa wazee, watoto na wanaowahi kazini. Ndiyo maana hita ndogo inayofungwa kwenye bomba la mvua, ambayo hupasha maji papo hapo yanapopita, huwavutia wenye nyumba wengi.

Hata hivyo, hicho ni kifaa kinachokutanisha umeme wa volti 230, maji na mtu aliyesimama peku juu ya sakafu iliyolowa. Kikifungwa vizuri hudumu miaka mingi bila madhara. Kikifungwa vibaya, kosa linaweza kujificha hadi siku koili itakapopasuka au waya utakapochubuka.

Kwa Singida lipo jambo moja la kuzingatia zaidi. Miezi ya baridi, ambayo hita hutumika kuliko wakati mwingine wowote, ndiyo pia miezi ya kiangazi. Mvua za mkoa huu hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka. Ardhi kavu, yenye kichanga na miamba ya matale, haipitishi umeme vizuri. Kwa maneno mengine, hita hutegemea ardhi zaidi wakati ambapo ardhi ina uwezo mdogo zaidi wa kuisaidia.

Kwa nini fimbo ya eathi pekee haitoshi

Waya wa eathi hutoka kwenye hita hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja, badala ya kuuacha upite kwenye mwili wa anayeoga. Wengi huamini kwamba fimbo ikishakuwepo, sakiti breka itakata umeme mara tu hitilafu inapotokea. Hesabu ndogo inaonyesha vinginevyo.

Tuseme ukinzani kati ya fimbo na ardhi ni omu 100, kiwango kisicho cha ajabu katika udongo mkavu. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 100, mkondo unaopita ni ampia 2.3 tu. Sakiti breka ya hita huwa ya ampia 32, hivyo haitashtuka. Hata ukinzani ukishuka hadi omu 10, mkondo ni ampia 23, na breka itaendelea kutulia. Muda wote huo maji na koki ya chuma vinaweza kubaki na umeme.

Kinachotakiwa ni kifaa cha pili, ambacho mafundi hukiita RCD. Hiki hulinganisha umeme unaoingia kupitia waya wa moto na ule unaorudi kupitia nyutro. Tofauti ikifikia miliampia 30, yaani ampia 0.03, hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kiwango hicho kimechaguliwa kwa sababu mkondo unaozidi hapo, ukiachwa upite mwilini, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Pamoja na hayo, RCD haiondoi ulazima wa eathi. Fundi apime ukinzani wa fimbo kwa kipimo maalumu, na ahakikishe haufiki omu 200. Ni vyema kipimo hicho kifanyike kati ya Agosti na Oktoba, ardhi ikiwa imekauka. Fimbo iliyopimwa Februari, udongo ukiwa umelowa, inaweza kutoa jibu zuri lisilo la kweli ifikapo Julai.

Iwapo fimbo inagonga mwamba, isikatwe na kuachwa fupi. Zichimbiwe fimbo mbili au tatu zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, kisha ziunganishwe kwa waya wa shaba. Mahali penye unyevu wa kudumu panafaa zaidi. Kumwaga chumvi kwenye shimo husaidia kwa muda tu, kwani mvua huiosha na yenyewe hula chuma.

Maji yenye chumvi na uchaguzi wa hita

Wakazi wa Singida wanafahamu kuwa maziwa Singidani na Kindai, yaliyo jirani na mji, ni ya maji ya chumvi. Baadhi ya visima vya mkoa huu navyo hutoa maji yenye chumvichumvi. Maji ya namna hiyo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na huacha ukoko kwenye koili.

Hita nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi, inayogusana na maji moja kwa moja. Katika maji ya chumvi, umeme unaovuja kupitia maji huongezeka, na RCD hukata mara kwa mara. Hapo ndipo hatari huanza: badala ya kubadilisha hita, baadhi ya watu huamua kuiondoa RCD. Kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele.

Suluhisho ni kununua hita yenye koili iliyofunikwa, au ile ambayo mtengenezaji ameandika kuwa inafaa kwa maji ya chumvi. Mnunuzi asome maandishi ya kwenye boksi, aangalie wati, volti na alama ya ubora, na adai risiti.

Njia ya umeme

Hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta takriban ampia 24. Plagi ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kwa ampia 13, hivyo hita ya aina hii kamwe haichomekwi kwenye soketi. Vilevile, haiunganishwi kwenye waya wa taa au wa soketi za vyumba.

Inatakiwa iwe na njia yake pekee kutoka kwenye boksi la sakiti breka. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 na breka ya ampia 32 ndivyo vinavyotumika kwa kawaida kwa hita ya ukubwa huo. Nyaya ziwe tatu: wa moto, wa nyutro na wa eathi. Ikiwa njia ni ndefu, au inapita darini chini ya bati linalochemka mchana, fundi apige hesabu upya, kwa kuwa joto hupunguza uwezo wa waya.

Swichi ya hita iwe ya ampia 45, inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Ifungwe nje ya bafu, au iwe ya kuvuta kwa kamba. Mtu mwenye mikono iliyolowa asiweze kuifikia akiwa chini ya maji.

Maungio kwenye hita yafanywe kwa konekta za kauri zilizokazwa barabara. Kusokota nyaya na kuzungushia utepe hakufai, kwa sababu maungio yaliyolegea huchemka na utepe huyeyuka. Pia, fundi asiunganishe waya wa eathi na nyutro ndani ya hita. Nyutro ikikatika popote kuelekea kwenye nguzo, eathi ya namna hiyo ndiyo itakayoleta umeme bafuni.

Kuna pia desturi ya zamani ya kufunga eathi kwenye bomba la maji. Ilitegemea mabomba ya chuma yaliyozikwa ardhini. Siku hizi nyumba nyingi hutumia mabomba ya plastiki, ambayo hayapeleki umeme popote.

Njia ya maji

Hita hizi hutegemea msukumo wa maji. Kila mita 1 ya kimo kati ya tangi na hita hutoa msukumo wa karibu kilopaskali 10. Kiwango cha chini kinachohitajika huandikwa kwenye kijitabu cha hita, na mara nyingi tangi lililo juu ya paa linatosha. Tangi lililowekwa sawa na dari huweza kushindwa kuiwasha hita.

Bomba la nusu inchi linafaa. Iwekwe koki ya kufungia maji kabla ya hita, ili matengenezo yasilazimu kufunga maji ya nyumba nzima. Chujio dogo baada ya tangi litazuia mchanga. Kabla ya kufunga hita, maji yaachwe yatiririke dakika kadhaa ili kuondoa vipande vya plastiki na takataka. Nyuzi za kuungia zizungushiwe utepe mweupe wa mafundi bomba na zikazwe kwa mkono, kwa kuwa shingo ya hita ni ya plastiki na hupasuka ikilazimishwa.

Bomba na waya visipite katika mfereji mmoja ukutani. Utaratibu mzuri ni bomba kupanda kutoka chini na waya kushuka wima kutoka darini, ukiwa ndani ya bomba lake la plastiki. Kabla ya kupiga lipu, mwenye nyumba aupige picha ukuta huo na kuitunza. Atakayetaka kutoboa ukuta baadaye atajua mahali pa kuepuka.

Majaribio na gharama

Siku ya kwanza, maji hufunguliwa kwanza yakajaa ndani ya hita, ndipo umeme unapowashwa. Koili ikiwashwa bila maji huungua kwa sekunde chache. Fundi apime ukinzani wa maganda ya nyaya, ambao usipungue megaomu 1, kisha abonyeze kitufe chenye herufi T kwenye RCD mbele ya mwenye nyumba. Umeme usipokatika, hita isitumike. Kitufe hicho kibonyezwe kila mwezi.

Wati 5,500 huongeza joto la lita 3 za maji kwa dakika kwa nyuzi 26 hivi. Maji ya nyuzi 15 yatafika 41, yanayotosha kuoga. Koki ikifunguliwa hadi lita 4 kwa dakika, ongezeko hushuka hadi nyuzi 20. Volti nazo zikishuka, tatizo linaloweza kutokea mwishoni mwa laini ndefu za vijijini, joto hupungua kwa kasi: kwenye volti 190 hita hiyo hutoa wati 3,750 tu. Kupunguza maji ndiyo dawa. Kubadilisha waya au breka hakuongezi volti za laini.

Kwa upande wa gharama, kuoga dakika 10 hutumia uniti 0.9. Familia ya watu wanne, kila mmoja akioga mara moja kwa siku, itatumia takriban uniti 110 kwa mwezi. Mteja wa TANESCO aliye katika daraja la D1, lenye bei nafuu kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, afahamu kwamba hita pekee inaweza kumtoa katika daraja hilo.

Nani afanye kazi hii

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, anayefunga mifumo ya umeme majumbani anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Mwenye nyumba ana haki ya kuiomba leseni hiyo aione kabla ya kazi kuanza. Fundi bomba, hata awe hodari kiasi gani, aishie kwenye koki na bomba.

Anayepata mtekenyo wowote anapogusa maji au koki asiuchukulie kama jambo la kawaida ya hita. Atoke, azime umeme kwenye meni swichi na amwite fundi. Mtekenyo huo ni dalili kwamba umeme umevuja na haujakatwa. Aliyebahatika kuusikia akiwa amevaa kandambili, kesho anaweza kuingia bila hizo.