Masanduku ya Piccadilly

Kila mwanafunzi wa nchi yetu amepata kuona kontena kuukuu kando ya barabara, limetobolewa dirisha, na ndani yake mtu auza unga au anyoa nywele. Ni vigumu kuamini ya kuwa sanduku la namna hiyo ndilo lililowapunguzia kazi wachukuzi wa bandari nyingi duniani.

Tarehe 26 Aprili, 1956, meli Ideal X, mali ya Malcom McLean, tajiri wa malori wa Marekani, iling'oa nanga Newark kwenda Houston na masanduku 58. Kupakia tani moja ya shehena kwa mikono ya watu kuligharimu karibu dola 6. Kwa masanduku, gharama haikufika hata senti 20.

Lakini sanduku nalo huzeeka, na habari za uzee wake zaonekana vizuri katika mji wa York, Uingereza. Katika mtaa wa Piccadilly palikuwa na gereji ya mabasi isiyotumika. Mwaka 1931 kampuni changa ya Airspeed ilianza kuunda ndege humo. Mwanzilishi wake mmoja, Nevil Shute Norway, alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa riwaya. Mwaka 1933 kampuni ilihamia Portsmouth. Miaka mingi baadaye gereji ilibomolewa, na kiwanja, mali ya baraza la mji, kikabaki kitupu.

Mwaka 2018 ikafunguliwa hapo Spark, kampuni iliyoundwa kwa manufaa ya jamii: makontena ya ghorofa mbili yakizunguka ua. Wapishi, mafundi na wasanii wasioweza kodi ya maduka makubwa wakapata vyumba vidogo.

Si wote waliofurahi. York ni mji wa kuta za kale, na wenyeji wengine waliona mabati hayo kuwa aibu. Kibali cha ujenzi kilitaka yavikwe mbao. Mbao hazikutiwa, yakazuka mabishano marefu. Juu ya mbao, naona wakosoaji walikuwa na haki, maana sharti ni sharti. Juu ya aibu sikubaliani nao: Airspeed nao hawakuanzia katika jumba la fahari.

Lililo zito zaidi ni ardhi. Baraza liliwakodisha kiwanja kwa miaka michache tu, kisha likaongeza muda. Basi kila mpishi aliyefungua mlango wake pale alikuwa akitafuta wateja juu ya ardhi ambayo huenda ingetakiwa kwa kazi nyingine kabla biashara yake haijakomaa.